Ulimi wa Kiwanda

Kila asubuhi Bibi Ulimi alisukutua kwa maji ya vuguvugu, akachota tumbaku ya kutafuna kwa vidole viwili, akaiweka chini ya ulimi na kuhesabu hadi ishirini. Kisha alitema kwenye kopo na kutoa hukumu: "Kali." "Imepooza." "Rudisheni." Kwa miaka kumi na tisa hakuna gunia lililotoka kiwandani bila neno lake.

Leo alihesabu ishirini, akafika arobaini. Hakusikia ladha yoyote. Alipotema, kopo liliingia damu.

Meneja alikuja na daktari wa kiwanda, mtu nadhifu ambaye kalamu yake haijawahi kumuudhi mwajiri.

"Achama, mama."

Akaachama. Ubavuni mwa ulimi, ule utandu mweupe aliomwonyesha tangu mwaka juzi, usiokwanguka hata kwa kijiko, sasa ulikuwa umechimbika kidonda chenye kingo ngumu.

"Jino linakukwaruza," daktari alisema, kwa mara ya nne. "Piga mswaki."

"Daktari, meno ya upande huu si uliyang'oa mwenyewe?"

Meneja alikohoa kuficha kicheko.

"Naomba barua tu," Bibi Ulimi alisema. "Hospitali kuu wakate kinyama, wakipime. Bila sahihi yako hawanipokei."

"Nikiandika, wataanza kuuliza unafanya kazi gani."

"Na tumbaku yetu haina neno, imepimwa," meneja alidakia kwa sauti ya asali. "Pumzika nyumbani, mama yetu. Wewe ni hazina. Kiti chako kitabaki kwenye familia."

Mlangoni alisimama mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, ndani ya aproni mpya, mashavu yametuna kwa maji ya kusukutua.

Bibi Ulimi alimtazama kitambo. Kisha akainua sinia la tumbaku, akalisogeza hadi puani kwa meneja.

"Huyu bado mgeni," alisema kwa shida. "Mfundishe wewe, bosi. Onja."

"Mimi?"

"Si haina neno? Kidogo tu, chini ya ulimi. Nitakuhesabia. Moja…"

Meneja alirudi nyuma. Daktari akawahi kumpisha njia.

"Mbili…"

Mgongo wa meneja uligonga ukuta. Alijiziba mdomo kwa viganja viwili, na sauti ikapenya katikati ya vidole:

"Toa huko! Unataka nioze kama wewe?"