Tumbo Likikauka

Bibi dobi alijua kukausha kila kitu: mashuka, mablanketi, hata machozi ya mjukuu wake. Mtoto alipoanza kuharisha kwa dawa ya kunywa aliyopewa kutibu sikio, bibi hakubabaika. Kitu kilicholowa hakiongezewi maji, si ndivyo? Akapandisha jagi la maji juu ya kabati. Mama wa mtoto alipohoji, akamkatiza: "Na wewe si nilikulea hivihivi? Ulikufa?"

Mtoto akajikokota hadi kwenye beseni la kufulia. Bibi akamvuta.

"Bibi, maji."

"Kesho, mume wangu. Tumbo likikauka."

Hospitalini mtoto alilia bila chozi. Daktari akamfinya ngozi ya tumbo; ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa.

"Kuharisha kwa dawa kungepita," alisema baadaye, kwa upole uliouma kuliko tusi. "Alihitaji kunyweshwa tu."

Baada ya mazishi bibi alirudi kwenye beseni, maana nguo za watu hazijui msiba. Akasuuza kishati cha mjukuu wake. Mikono ikagoma kukikamua. Akakianika vilevile, kikashinda kinachuruzika maji kutwa nzima, na hakuna aliyethubutu kukigusa.