Alama za Mkono wa Watiri

Magdaline, jirani wa Mutahi kule Kangema, alidai alisikia kwa masikio yake mwenyewe Mutahi akimtwanga mkewe Jumapili jioni, ati kishindo kilivuka ua kama cha mtu anayekung'uta gunia. "Ng'ombe wake anampapasa tu, hampigi," alimwambia Kagure aliyekuja kutoka Nyeri kumwona dadake Watiri, mke huyo wa Mutahi. "Mke ndiye amemfanya ngoma."

Kagure alikuwa mtu wa kutazama kwanza. Alipoingia akatazama: mikono ya Watiri ilikuwa na mabaka meusi, fizi zinatoka damu. Watiri aliapa hakupigwa, aligusa mlango tu. Kagure alijua wanawake wangapi wameusingizia mlango. Akamrudisha kwa baba yao.

Wazee walipoketi, ni Kagure aliyemshika dadake mkono na kuukunja mkono wa sweta ili waone. Mutahi alikana. Akatozwa kondoo dume, akaambiwa asikanyage kwa baba mkwe tena. Kesho yake Kagure aliona alama mpya nne, kama za vidole, mkononi mwa Watiri. Akajiambia ni za zamani.

Huo ulikuwa mwaka wa nane tangu Uhuru. Wiki ya tano baada ya kurudishwa, Watiri alianguka akienda kuchota maji, wakamkimbiza hospitali mjini Nyeri. Mpimaji damu, Huseni wa Majengo, alimketisha Kagure akamweleza polepole. Damu huzaliwa ndani ya mifupa, na kila chembe ina agizo lake ndani, la kuiambia izaane lini, ikomae lini, ifanye kazi gani. Kwa Watiri agizo la chembe moja liliharibika, na zote ilizozaa zikarithi kasoro ileile; ni saratani ya damu.

"Umeona kitalu cha chai?" alisema. "Miche imejaa hadi hakuna pa kukanyaga, na hakuna hata mmoja uliokomaa wa kupeleka shambani. Chembe za kugandisha damu zimekosa nafasi. Hata ukimshika kwa upole, alama inabaki."

Kagure aliuliza kama kipigo kinaweza kuleta hayo. Huseni akasema hapana. Kagure akavitazama vidole vyake vinne.

Siku iliyofuata alimkuta Mutahi akichuma chai. Alimweleza yote, hata la vidole, akiwa amesimama kati ya mistari. Mutahi alisikiliza bila kugeuka.

"Kondoo mlimla?" aliuliza mwishowe.

"Tulimla."

"Watiri naye alikula?"

"Alikataa. Alisema ni kondoo wa uongo."

Mutahi alitupa majani kikapuni.

"Anakuulizia kila asubuhi, shemeji," Kagure akasema. "Daktari hasemi ni wiki ngapi. Baba nitamkabili mimi. Twende leo, tafadhali."

Mutahi aliweka kikapu sawa mgongoni, akavuka mstari wa pili, na mikono yake ikaendelea kuchuma.