Nyayo za Vumbi la Magoma

Kila Jumatatu, kabla hajabandika chai, Beatha alipiga deki chumbani. Mumewe, Hezekia, alikuwa akishusha kabichi kutoka Malindi, kijijini kwao mlimani, kwenda kuziuza Magoma, kule bondeni, na kila aliporudi Jumapili jioni alirudi na nyayo. Zilianzia mlangoni, zikavuka sebule, zikaishia ubavuni mwa kitanda, upande wa Hezekia. Vumbi lake lilikuwa la kijivu, la kule chini, si udongo mwekundu wa Malindi. Zilikuwa nyayo za wanawake, mmoja wao akivaa kandambili zilizolika visigino. Wenye miguu hawakuonekana.

Mama mkwe, Sesilia, aliziruka akielekea jikoni.

"Futa mapema, mwanangu. Leo wazee wa kanisa watapita."

Beatha aliziona jozi tatu, akaogopa. Hakuogopa nyayo, maana nyayo hazimuumizi mtu. Aliogopa kuambukizwa. Alishamwomba Hezekia wakapime, akajibiwa kwamba anayetaka kupima ndiye anayejijua. Alipotaja kondomu, akaulizwa hayo kajifunzia wapi. Ndipo akaenda zahanati peke yake. Nesi alimpima, akamkuta salama, akampa vidonge vya kinga, kimoja kila siku.

"Hivi si vya mgonjwa," nesi alimwambia. "Ni vya kukukinga usiupate."

Maneno mazuri, ila vidonge vyenyewe vilikuwa kwenye kopo kama lile la wagonjwa, na Malindi nzima inaujua mlio wake. Beatha alivihamishia kwenye kopo la mafuta ya mgando, akashindilia pamba ili visilie.

Hezekia akalipata mwezi wa nne, akitafuta mafuta ya kupaka. Beatha alijikunyata akingoja kipigo. Mume akaketi kitandani, akasikiliza maelezo yote kwa utulivu ambao hakuwahi kuwa nao hata kanisani.

"Kwa hiyo ukimeza hupati?"

"Nikimeza kila siku, sipati."

"Sasa si ungesema mapema, mama Shukrani? Mtu nimekaa na wasiwasi bure!"

Wiki iliyofuata zilikuwa jozi sita. Beatha alibadilisha maji ya deki mara mbili.

Mwezi wa sita, baridi imekolea, akakuta jozi moja ya udongo mwekundu. Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Hapakuwa na haja ya kuuliza. Loyce, mjane aliyeimba naye sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa, alikatwa kidole na jembe miaka mingi iliyopita. Hasira ilimpanda Beatha, ikashuka, hofu ikabaki. Loyce hakuwa na kidonge hata kimoja, na alikuwa na watoto watatu.

Kumwambia kulimaanisha kujianika. Alihangaika siku mbili, ya tatu akachukua kopo lake, akamfuata Loyce shambani kwenye maharage.

"Loyce, nimeona nyayo zako."

Loyce hakuuliza zipi. Aliinama. "Nisamehe, dada."

"Sikuja kwa hilo. Mwenzako nakuogopea. Nenda kwa nesi akupime, akupe hivi."

Alichomoa pamba, vidonge vikalia. Loyce akarudi nyuma hatua mbili, akayakanyaga maharage yake mwenyewe.

"Kumbe mwenye ugonjwa ni wewe!"

"Ni kinga, Loyce. Mimi mzima."

"Maskini baba wa watu," Loyce alisema, na machozi yalikuwa ya kweli.

Hakwenda kwa nesi; habari alizipeleka kwenye kwaya. Jumapili mwalimu wa kwaya, Kornelio, alimhamishia Beatha mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya kutosha watu wawili. Sesilia alimtengea kikombe chake peke yake. Wiki hiyo Hezekia hakushuka Magoma, na baada ya ibada watu walipanga foleni kumpa mkono, wakimpa pole ya kuuguza, wanawake wakiushika mkono wake kwa muda. Alizipokea pole zote.

Jumatatu nyayo za udongo mwekundu zilikuwa jozi nne, na Beatha alizitambua zote.