Nyumba Inayouliza Mara Moja

Irakoze alikuwa na mambo mawili ya kujivunia mwaka huo, na yote mawili aliwasimulia hata watu waliokuja kupiga fotokopi tu. La kwanza, Benita alikuwa amekubali kuolewa naye. La pili ni Andika, programu ya kuandikia aliyoitengeneza mwenyewe ndani ya steshenari yake pale Kasulu, jirani na soko, ikiwa na vitufe vya Kiswahili kitupu.

Na Kiswahili chenyewe alikipamba. Programu nyingine, ukitaka kuzifunga kabla hujahifadhi kazi, hukukoromea tu: hifadhi, usihifadhi, ghairi. Andika haikuwa na ubabe huo. Ilitoa kisanduku cha kijani kikauliza kwa upole, "Ungependa nikutunzie kazi yako?" Chini yake kulikuwa na Ndiyo na Hapana, basi. Irakoze alikuwa akikisoma kisanduku hicho na kutabasamu peke yake, maana mtu akipenda kitu chake hana dawa.

Aliyekuja kulifuta tabasamu hilo ni Mama Mpawenimana wa Kagerankanda, shangazi aliyemlea Benita tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Yeye ndiye aliyetarajiwa kusema kwenye sendofu ya Jumamosi, sherehe ya kumuaga binti, mbele ya ndugu wa Irakoze watakaotoka Kibondo. Kwa ukoo wao, shangazi asiposema, binti haondoki. Mama huyu alikuwa karani wa akina mama kanisani kwa miaka mingi, kuchapa anajua, na hotuba yake hakutaka mtu aione kabla ya siku. Kwa hiyo alipokuja mjini kwenye gulio, Irakoze alimpa kompyuta ya pembeni, akamfungulia Andika, akampa mgongo.

Mama alichapa asubuhi nzima. Mara alicheka peke yake, mara alifuta macho kwa ncha ya kitenge, na Irakoze kila akisikia kicheko alijua anayechekwa ni yeye na akafurahi hivyo hivyo.

"Haya, mwananje, mwanangu, nafunga," alisema hatimaye, akabofya.

"Irakoze. Maneno yangu yako wapi?"

Irakoze aligeuka akakuta ukurasa mweupe. "Mama, kisanduku cha kijani hakikukuuliza?"

"Kimeniuliza vizuri sana. Nikasema hapana."

"Sasa mbona ulisema hapana?"

Mama alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyekaa kula bila kunawa. "Ulitaka niseme nini?"

Irakoze alitafuta kila pembe ya mashine, hakupata hata neno moja. Mama Mpawenimana akajifunga kitenge upya na kuchukua kikapu chake. "Siandiki tena," alisema taratibu. "Na Jumamosi sisemi." Akatoka, akaacha soda aliyonunuliwa haijafunguliwa.

Irakoze alifunga duka akakimbilia sokoni, kwenye meza ambako Benita alikuwa akiuza migebuka, akamweleza yote huku akihema. Benita alianza kwa kusikitika. Irakoze alipofika kwenye lile neno hapana, Benita aliweka chini samaki aliyemshika na kucheka mpaka wateja wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini.

"Siku ya kwanza ulipokwenda kwa shangazi, alipokukaribisha chakula ulisemaje?" aliuliza.

"Nilisema nimeshiba."

"Ulikuwa umeshiba?"

"Nilikuwa na njaa ya kufa."

"Akafanyaje?"

"Akanikaribisha tena, nikakataa tena. Halafu akaniwekea sahani mbele, akasema nionje tu." Irakoze alikumbuka kwamba siku ile alionja mpaka sufuria ikaisha.

"Ndiyo sasa. Zile programu nyingine hazina adabu, kwa hiyo mtu anabofya tu na kwenda zake. Ya kwako imemuuliza kama mwenyeji, naye akajibu kama mgeni. Alikuwa anasubiri aulizwe tena. Mashine yako ikaondoa sahani." Benita alipangusa machozi ya kicheko, kisha uso wake ukatulia. "Amepita hapa kabla ya kwenda nyumbani, nami sikumwelewa. Anasema nyumba inayouliza mara moja, binti yake atalala njaa."

Hapo Irakoze aliona aibu ya kweli. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuifanya Andika iulize mara mbili, na Benita akalikata palepale. Nani anataka kuhojiwa mara mbili kila akifunga kitu? Shangazi mwenyewe haulizi mpaka mtu akachoka. Anaweka sahani.

Kesho yake mchana Irakoze alipanda pikipiki hadi Kagerankanda na laptopu kifuani. Mama Mpawenimana alimpokea kwa sauti kavu. Akamkaribisha chai, na kijana, kwa mazoea, akasema ameshakunywa. Mama akamkaribisha tena, akakataa, akamiminiwa. Angalau hilo lilikwenda sawa.

Alifungua laptopu akamwomba aandike chochote. Mama aliandika mstari mmoja: Irakoze hana adabu. Akafunga. Kisanduku cha kijani hakikuuliza kitu. Kilisema, "Kazi yako nimeiweka. Karibu tena." Mama akafungua upya, akayakuta maneno yake yamekaa palepale, pamoja na adabu isiyokuwapo.

"Haikuniuliza."

"Haiulizi tena, mama. Inakutunzia kadiri unavyoandika."

"Na nikiandika upuuzi, nikataka kuutupa?"

"Utautupa mwenyewe. Nayo itauweka kando kwanza, usije ukaghairi."

Mama aliutupa ule mstari. Akaurudisha. Akautupa na kuurudisha tena, sasa akitabasamu waziwazi, na Irakoze akanywa chai yake iliyokwisha kupoa na kuiona tamu kupita zote alizowahi kunywa.

"Toka nje," mama alisema, akivuta kiti. "Nina kazi."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Watu wa Kibondo walikaa upande wao wakiongozwa na Stanislaus, baba mdogo wa Irakoze, mtu wa suti na mambo ya utaratibu. Mama Mpawenimana alisimama na karatasi zake, akaanza kusoma: "Irakoze hana adabu." Ukumbi ukaguna, Stanislaus akakaa wima. "Hivyo ndivyo nilivyoandika kwanza. Nikatupa. Mashine yake ikaniwekea kando ili nifikirie." Halafu akasoma mengine yote, ya Benita mdogo aliyewagawia kuku uji wake, na watu wakacheka wakilia.

Alipomaliza alikunja karatasi, akamwita Irakoze mbele. Akamuuliza kwa upole, kwa sauti ileile ya kisanduku:

"Ungependa nikupe binti yangu?"

Stanislaus alikohoa. Kila mtu alijua linalofuata: kijana atasema hapana, mama, sistahili, ataulizwa tena, atakataa tena. Walikuwa wamefanya mazoezi tangu asubuhi, Irakoze na baba yake mdogo. Irakoze alimtazama Benita, aliyekuwa ameinamisha kichwa kwa heshima huku akimchungulia.

"Ndiyo, mama," alisema.

Stanislaus alijifunika uso kwa mikono miwili.

"Mbona haraka hivyo?" mama aliuliza.

"Naogopa, mama. Usije ukauliza mara moja tu."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Mama Mpawenimana alicheka mpaka akashika meza, kisha akauchukua mkono wa Benita na kuuweka katika mkono wa Irakoze, bila kuuliza tena.