Kiporo cha Angani

Jumapili hiyo jua lilikuwa limeikalia Bwera kama mgeni asiyejua kuaga. Kahawa ilianikwa kila palipopatikana kipande cha turubai: mbele ya maduka, kando ya barabara ya Mpondwe, hata katika uwanja wa malori ya Haji Abdunoor, ambako Mama Alisi alikuwa ametandaza yake mpaka karibu na mlango wa kibanda cha video. Ndani ya kibanda, Aryemo alishika maiki kwa mikono miwili, kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga wa watu.

Ilikuwa siku ya mtihani wake. Akifaulu, kiti cha mfasiri kinakuwa chake. Akishindwa, Haji, mwenye kibanda, atampigia simu Hamim wa Kasese, kijana mwenye spika zake mwenyewe na sauti kama pikipiki inayopanda mlima.

Kiti hicho kilikuwa cha baba yake, Onen. Onen alitoka kwao Gulu kutafuta kazi ya saruji, akaishia kupata kazi ya maneno. Kibanda kilijaa Wakonzo wa mlimani, Wakongo wa ng'ambo ya mpaka na madereva wa malori ya Haji. Kila mmoja alikuwa na lugha yake nyumbani, na wote walikuwa na Kiswahili cha kuokoteza sokoni. Basi Onen alikaa kando ya televisheni, akazima Kizungu, akasema yeye. Alichokipenda kuliko vyote ni mfululizo mmoja wa zamani kuhusu chombo kinachozurura kati ya nyota, rangi zake zimefifia kama kitenge kilichofuliwa na mama na binti. Kapteni wa chombo alimwita Afande. Daktari, kwa kuwa ni mwanamke, alikuwa Nyabo, yaani bibi. Mashine yenye jicho moja, inayofuka mvuke ikikasirika, aliibatiza Birika, na wako watu wazima Bwera ambao mpaka leo hawajui kwamba ina jina lingine.

Onen alifariki mwaka juzi kwa homa. Tangu hapo kibanda kiliishi kwa diski alizorekodi humo humo, moja baada ya nyingine ikichakaa na kukwama.

Tena kilikuwa na desturi yake. Kipindi kikiisha, hakuna kutoka: kinahukumiwa. Mwenye kuileta ni Mzee Asanasio, aliyechimba shaba Kilembe enzi za mgodi. Huko jiwe lilitolewa shimoni, likageuzwa mwangani, na likionekana halina kitu linatupwa lunduni. Kipindi kizuri Asanasio alikiita shaba. Kibaya, aliinua fimbo na kusema, "Mawe tupu." Hapakuwa na rufaa.

"Utafasiri ile ya wingu," alisema Haji.

Kibanda kizima kiliguna.

"Haji, unamuchukia huyu mutoto?" aliuliza Mama Alisi, ambaye alizaliwa Kasindi, upande wa Kongo, na hakuwahi kuuvusha ulimi wake mpaka. "Ile, watu beko wanalala tu!"

"Filamu ya vita hata mbuzi wangu atafasiri," Haji alijibu. "Anapiga, anapigwa, kwisha. Mfasiri anajulikana kwa kipindi kibovu."

Aryemo alijua amepatikana. Nani aliyekisema vibaya kipindi cha wingu kuliko yeye? Chombo kinaingia katika wingu la zambarau, ambalo mwenye macho anaona wazi ni pamba na moshi. Wingu linaanza kusoma mawazo ya Afande. Na Afande anawaza nini? Vipindi vilivyopita! Mapigano yale yale, sayari zile zile, busu lile lile, vimekatwa vipande na kuunganishwa. Wenye filamu walikuwa wameishiwa, wakapasha viporo wakaviita karamu. Yeye ndiye aliyekipa jina la Kiporo. Ni kipindi pekee kilichohukumiwa bila kuisha. Kila kilipowekwa, watu walitoka katikati kwenda kutafuta chapati, na Asanasio alipiga mawe tupu akiwa mlangoni.

"Na diski ni hii moja," Haji aliongeza, taratibu kidogo. "Sauti ya Onen iko humo. Tutaizima. Wewe utasema."

Akampa rimoti. Aryemo akabonyeza, na baba yake akanyamazishwa kabla hajatamka neno.

Alianza vizuri. "Huyu ni Afande, amekaa. Mtazameni vizuri, maana kipindi kikiisha mtamkuta hapo hapo." Watu wakacheka. "Sasa anasema, 'Nyabo, mbele yetu kuna wingu.' Nyabo anasema, 'Ndiyo, Afande, ni wingu.' Wamesomea hiyo." Wakacheka tena. Akawaonyesha uzi unaolivuta wingu. Akawaonyesha nywele za Nyabo, ambazo zilikuwa fupi mlangoni na ndefu mezani, kwa kuwa mlango ni wa leo na meza ni ya kipindi cha zamani.

"Amekwenda saluni huko huko angani," alisema dereva mmoja.

"Na hajalipa!" akaongeza mwenzake.

Lakini mzaha nao una tumbo. Ukila kimoja kila siku unakinai. Viporo vilianza kupita: vita, busu, sayari, vita. Aryemo alivieleza mara moja, kisha mara ya pili akasikia sauti yake mwenyewe ikichoka. Na baada ya viporo likaja wingu lenyewe. Wingu tu. Chombo kidogo kama punje ya mtama kikielea katika zambarau, hakiendi wala hakirudi. Hakuna anayesema. Hakuna anayefanya lolote.

Mtu akapiga mwayo. Asanasio akaanza kuitafuta fimbo yake sakafuni.

"Mufasiri naye amelala?" Mama Alisi alinong'ona, kwa ule mnong'ono wake unaofika Kongo.

Aryemo alitazama wingu mpaka akahisi kiti kinaelea. Kidole chake, hata hakukituma, kikabonyeza rimoti.

Mvua ikaanguka.

Ilianguka juu ya mabati kwa kishindo, mvua ya kutoka mlimani, ile isiyobisha hodi. "Kahawa yangu!" Mama Alisi aliruka, akakanyaga miguu ya watu, akatoka mbio, na wanawake wengine wawili nyuma yake. Waliobaki walivuta makoti. Mtu alisogeza benchi kutoka pale paa linapovuja. Kisha, katikati ya mvua, mtu akakohoa.

"Mvua gani hii, jamani," alisema Onen. "Hata Afande hasikiki. Si hasara, hana la kusema."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wakitazama paa, kisha televisheni, kisha paa tena. Mlango ukafunguka, jua likamwagika ndani, na Mama Alisi akasimama pale na gunia begani, mkavu kabisa.

"Mvua hakuna," alisema. "Jua iko kali. Mvua iko wapi?"

"Iko ndani, mama," alisema Aryemo. "Ingia, utalowa."

Mama Alisi akaingia. Akakaa na gunia lake mapajani, akajifunika kichwa kwa leso.

"Mwenye kuandika kipindi hiki alikwenda kula," sauti ya Onen iliendelea, ya taratibu, ya mtu aliyelegea kitini. "Hajarudi bado. Sasa nani ataniambia Nyabo anakwenda wapi?"

Akanyamaza, kama alivyozoea kufanya akiwangoja watu. Mvua ikajaza nafasi.

"Anakwenda kutafuta nywele zake, baba," Aryemo alisema kwenye maiki.

Kicheko kilipasuka, na kabla hakijatulia Onen akasema, "Haya. Birika naye, mbona hachemki tukanywa chai?"

"Kuni zimelowa na mvua yako."

"Na hili wingu, linataka nini?"

"Halijui. Wamelituma tu."

Wakaendelea hivyo, marehemu akiuliza na binti akijibu, na chombo kikielea. Kwenye mwanga wa zambarau nyuso za watu zilikuwa kama za waliolala macho wazi. Asanasio aliacha kutafuta fimbo. Baadaye alisema aliona wingu lile likiwa ukungu unaoteremka mlimani Bwesumbu asubuhi. Dereva mmoja akaapa aliona vumbi la saruji.

"Aryemo," sauti iliita ghafla. "Mwanangu, umelala?"

Aryemo akaisogeza maiki mdomoni. Miaka yote hiyo hakujua kwamba yumo ndani ya diski. Alikuwa hapa hapa siku ile, mtoto juu ya turubai la Haji, kipindi kibovu na mvua vikimbembeleza.

"Hapana, baba. Niko macho."

"Amelala," Onen aliwaambia watu wa siku ile. "Na mimi pia nitalala. Mtazame wenyewe, mimi nakula karanga."

Ikasikika karanga ikivunjwa. Halafu mvua peke yake.

Wote wakamgeukia Aryemo. Onen alikuwa amekitupa kipindi, na mwisho ulikuwa bado uko mbele, mwisho ambao hakuna mtu humo ndani aliyewahi kuungoja. Aryemo akapunguza mvua mpaka ikawa ya mbali.

Afande akafumbua macho. Yuko kitini.

"Ameamka," alisema Aryemo. "Ilikuwa ndoto. Yote. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyepotea. Waheshimiwa, tumeibiwa mchana."

Watu wakaguna kwa furaha ya walioonewa. Lakini picha haikukatika. Afande aliinuka, akaenda dirishani. Nje wingu lilikuwa limekwisha, giza safi na nyota. Akaweka kiganja juu ya kioo, akakiacha hapo.

"Ngojeni," alisema Aryemo. "Tazameni mkono."

Hakutania. Alisubiri kidogo, kwa sababu Afande naye alisubiri.

"Anajua ilikuwa ndoto. Hana shida na hilo. Anataka irudi tu."

Mkono ukabaki pale mpaka majina ya waigizaji yakaanza kupanda juu yake.

Haji aliwasha taa, akaanza kwa kuharibu hali ya hewa, kazi aliyoiweza. "Umemwita baba yako akusaidie. Huo si mtihani."

"Nilimwita, Haji, kwa sababu nilikwama," alisema Aryemo. "Huo ndio ukweli."

"Alimusaidia wapi?" Mama Alisi alifoka kutoka nyuma ya gunia. "Ule baba alikula karanga! Kumaliza amemaliza nani?"

Wote wakamtazama Asanasio. Mzee aliinuka taratibu, akaigeuza fimbo mkononi kama anavyogeuza jiwe mwangani.

"Hii kipindi iko mawe tupu," alisema. "Wingu pamba, chakula kiporo, Afande mzembe. Tupa." Akaielekeza fimbo kwenye televisheni. "Lakini pale kwa dirisha kuna shaba, kidogo, kama jicho ya samaki. Miaka yote tulitupa bila kugeuza. Nani aligeuza?"

Akanyoosha fimbo kwa Aryemo, akakaa.

Haji alikuna kidevu. "Jumapili ijayo ni kile cha vita ya sayari yenye miezi miwili," alisema mwishowe. "Kizuri kile. Hakina nafasi ya kukohoa, na diski ya baba yako ilishavunjika. Utakuwa peke yako."

"Na Hamim?"

"Hamim ana spika zake, atulie nazo."

Watu walianza kutoka. Mlangoni kila mmoja alifanya lile lile: akainua kola, akainama, akachungulia mbingu, na jua likampiga usoni. Wakacheka. Mama Alisi aliwafokea waache kuduwaa, wamsaidie kuitandaza kahawa upya. Aryemo akapiga magoti kwenye turubai pamoja naye, maiki ikining'inia shingoni, akaanza kutenganisha punje kwa viganja.

Ndani, diski ilikuwa bado inazunguka. Hakuna aliyekumbuka kuzima ile mvua.