Katekista wa Mzee Makarius

Theodosia hakuhitaji redio. Kibanda chake cha ugali wa muhogo, pale sokoni Kasulu, kilijaa watu na kila mlaji aliacha neno. Ndivyo alivyosikia kwamba Mzee Makarius, mwenyekiti wa kigango, amejenga nyumba ya vyumba sita kwenye kiwanja cha kanisa.

Kiwanja hicho alikijua. Mumewe alikuwa katekista, waliishi pale. Alipofariki, kaburi halijakauka, Makarius alifika. "Dada yangu, ramani ya mji inasema hapa ni pa ibada. Anayeruhusiwa kuishi ni katekista tu." Nyumba ikavunjwa. Theodosia akabeba masufuria yake mpaka Heru Juu kwa kaka yake, na donge rohoni.

Kisha wakimbizi wakafurika, mashirika yakaja na magari yao, vyumba mjini vikawa vya kugombania. Makarius akapangisha. Akiulizwa, nyumba ya katekista hiyo.

"Katekista gani analala vyumba sita?" alisema Tunu, muuza vitenge, huku akichovya tonge kwenye maharage. "Hamis wetu wa Ujiji, jirani yangu hapa sokoni, yumo humo. Kila adhuhuri ananiachia meza yake, anakwenda kuswali chumbani."

Theodosia akaacha kupakua. "Hakosi?"

"Hakosi, shoga."

Kesho yake akamtafutia Hamis chumba kwingine, asije akalala nje, wala hakumwambia. Halafu akaenda kwa bwana ardhi wa wilaya. Akamtaka aje kukagua, ila mchana, apite kwanza kula kibandani kwake.

Makarius aliwakuta mlangoni. "Katekista ana homa, amelala. Msimsumbue."

"Basi nimpe pole," Theodosia akasema, akafunua pazia.

Hamis alikuwa kwenye mswala, kofia kichwani, anasujudu. Wakasubiri, wote watatu, mpaka akatoa salamu kulia na kushoto.

"Wewe ndiye katekista?" bwana ardhi akauliza.

"Mimi? Mimi mpangaji wa mzee huyu."

Ukutani ikachorwa alama nyekundu ya kubomoa.

"Theodosia," Makarius akanong'ona, "tungeyamaliza kikristo."

"Tunayamaliza, mzee wangu. Siku ya kubomoa napika mimi, usikose."

Siku hiyo alifunga kibanda, akaleta sufuria kubwa na benchi, akawaita majirani wote. Bati la kwanza lilipodondoka, alimsukuma Tunu pembeni kidogo.

"Sogea, shoga. Unanikinga nisione."