Sebule ya Stumai

Kwa miezi kadhaa, kila Agripina alipopiga simu ya Stumai, aliyepokea alikuwa Noel, mwana wa Stumai. Mama amelala. Mama yuko shamba. Mama amekwenda Mwanza kwa dada. Jumapili moja Agripina akauliza, "Mwanza wapi?" Simu ikakatwa.

Kesho yake alishusha masufuria yake ya kupikia shughuli kutoka kwenye gari lake, Noah, akajaza mafuta, akaondoka Mbeya peke yake. Wanawe walimpigia kelele: njia ya Chunya mpaka Itigi ni pori tupu, mama, na umri huo! Akawaambia wamwache. Yeye na Stumai walianza kupika pamoja wakiwa wasichana, katika jiko la shule ya bweni kule Kiomboi, wakilala kitanda kimoja. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, ni Stumai aliyemkorogea uji mpaka akapata nguvu. Mtu wa namna hiyo huwezi kuambiwa yuko Mwanza, ukanyamaza.

Vumbi la Rungwa lilimwingia mpaka kwenye meno. Tairi la nyuma lilipasuka katikati ya pori. Alilibadilisha mwenyewe huku akimtukana Noel kwa sauti, mbung'o wakimng'ata shingoni. Itigi alilala. Asubuhi alipita Manyoni na Singida mjini bila kusimama hata kunywa chai, na mchana akaingia Misigiri.

Nyumba ya Stumai aliijua, alikuwepo ilipoezekwa. Sasa sebule ilikuwa imegeuzwa duka la vinywaji: friji, viti vya plastiki, muziki juu. Noel alitoka akijifuta mikono.

"Shikamoo, mama mdogo."

Agripina hakuitikia. Wateja waliinua macho, maana shikamoo haiachwi hivihivi.

"Mama yako yuko wapi?"

"Si nilikwambia, Mwan—"

"Noel!"

Kijana aliangalia mlango wa uani. Hilo lilitosha. Agripina alimpita, akavuka ua, akasukuma mlango wa stoo.

Stumai alikuwa kwenye godoro kati ya magunia ya alizeti. Upande wake wa kulia ulikuwa umepooza, mdomo umepinda. Alikuwa msafi, na sahani ya chakula ilikuwa pembeni. Hilo halikumpoza Agripina. Hata ng'ombe hulishwa.

"Umechelewa," Stumai alisema, maneno yakitoka kwa taabu.

Agripina alimgeukia Noel aliyekuwa amesimama mlangoni. "Ameanza lini kuumwa?"

"Wakati wa palizi. Ni kiharusi. Hospitali tulimpeleka, wakasema afanye mazoezi. Lakini mama mdogo, watu unawajua. Wangesema karogwa. Wateja wangekimbia."

"Kwa hiyo ukamzika."

"Sijamzika! Anakula, mke wangu anamwogesha—"

"Umemzika anapumua!"

Alipiga kelele mpaka wateja wakajaa uani. Elizabeti, jirani wa miaka mingi, alichungulia akashika mdomo. "Stumai? Si tuliambiwa yuko Mwanza?"

Agripina aliinama, akampitishia rafiki yake mikono kwapani. "Nakuchukua leo hii. Gari liko nje, twende Mbeya."

Kofi lilimtua shavuni. Stumai alikuwa amempiga kwa mkono wake mzima.

"Niache! Na wewe pia! Mnanihamisha kama gunia. Nani kaniuliza?"

Agripina alimwachia, akashika shavu.

"Nyumba hii nimejenga mimi," Stumai alisema, akipumzika kila baada ya neno. "Kwa vitunguu vyangu. Siendi popote." Akamtazama mwanawe. "Toa friji zako."

Noel alicheka, akatafuta wa kucheka naye. Hakumpata. "Mama, biashara nitaipeleka wapi?"

"Humu stoo mna nafasi."

Wateja wenyewe walianza kubeba viti. Noel alisimama kidogo, kisha akaenda kushika upande mmoja wa friji.

Agripina alibaki akichemka. Amekata pori lote lile, aje apigwe kofi! "Ningekuwa na akili ningegeuza gari sasa hivi," alisema.

"Geuza."

"Sigeuzi."

"Basi kapike. Mkwe wangu hajui chumvi."

Jioni hiyo Stumai alikaa sebuleni kwake, mlango wazi, na majirani waliingia mmoja mmoja, wengine wakilia, wengine wakishindwa kumtazama Noel usoni. Agripina alikaa Misigiri wiki kadhaa. Kila asubuhi alimsimamisha rafiki yake, wakatembea barazani taratibu huku wakigombana: huyu anavuta sana, huyu mvivu.

Siku ya kuondoka, Stumai alisimama mlangoni akiegemea mwimo. Noah ilipokwaruza jiwe ikirudi nyuma, alimfokea mwenzake, kwa maneno yaliyosikika mpaka barabarani, kwamba tangu lini mtu anaendesha gari hatazami nyuma.